Nani anaitwa mugeni katika inchi yake mwenyewe?



Mwezi uliopita niliwaahidi kuendelea na mambo ya mahari. Munisamehe, mahari itangoja kidogo. Kuko jambo lenye lilitokea hapa kwetu Dilolo, na tangu siku ile usingizi wangu hauko muzuri.

Vijana wa kanisa walikuwa wanachagua karani wao mupya. Majina matatu yaliandikwa kwenye ubao. Mbele ya kupiga kura, kijana mumoja alisimama na kusema: «Jina la pili, tufute. Ule hapana mutu wa huku. Babu yake alikuya na treni.» Wamoja walicheka, wengine waliangalia chini. Mwenye kushika chaki akafuta. Mimi nilikuwa nimeketi mbele yao, kalamu mukononi, na sikufungua kinywa.

Kijana mwenye walifuta jina lake alizaliwa hapa Dilolo. Baba yake pia alizaliwa hapa. Babu yake ndiye alitoka upande wa Mwene-Ditu katika miaka ya 1950, akafanya kazi ya njia ya reli mpaka uzee, akafa, na kaburi lake liko hapa hapa. Mangaribi kijana ule alikuja nyumbani kwangu. Hakulia, hakutukana mutu. Alikaa, akanywa maji, akauliza: «Pasta, ku masomo balitufundisha neno immigré. Mi nilizaliwa huku, baba alizaliwa huku. Sasa mi niko immigré? Na kama niko mugeni, ni mpaka miaka ngapi?»

Nilimwambia tusali. Tulisali. Lakini sala ile haikuwa jibu la swali lake. Yeye alijua, na mimi nilijua. Basi ninaandika jibu hapa, ili na wewe musomaji ulipime nyumbani kwako.

Tuanze na neno lenyewe

Immigré ni mutu mwenye anavuka mupaka wa inchi moja na kuenda kukaa katika inchi ingine. Tangu mwaka 1998 Umoja wa Mataifa unapendekeza serikali zihesabu hivi: mwenye anabadilisha inchi ya makao yake kwa miezi 12 ao zaidi, ule ni mhamiaji wa kimataifa. Mwenye anatoka Kananga na kuhamia Kolwezi hakuvuka mupaka wa inchi yoyote. Wenye kufanya hesabu wanamuita mhamiaji wa ndani. Alihama, ndiyo. Lakini ni kama mutoto mwenye alikuwa analala katika chumba cha nyuma, na sasa analala ku salo. Huwezi kumuuliza ni nani alimufungulia mulango.

Katiba yetu ya 18 Februari 2006 inasema vile vile. Kifungu cha 13 kinakataza kumubagua Mukongomani juu ya kabila lake, asili ya jamaa yake, luga yake ao fasi yenye anakaa. Kifungu cha 30 kinampa kila mutu haki ya kutembea katika inchi yote na kuchagua fasi ya kukaa. Kisha kinaongeza neno lenye sisi wa huku tunapaswa kulisoma pole pole: hakuna Mukongomani mwenye anaweza kulazimishwa kukaa inje ya makao yake ya kawaida. Sisi tunajua neno lile linazungumuzia nini. Nitarudia pale.

Sasa kamata karte yako ya uchaguzi, uiangalie. Fasi ya kuzaliwa imeandikwa, na asili imeandikwa peke yake: secteur, territoire, province. Kwa kijana yetu, ya kwanza inasema Dilolo, ya pili inasema Lomami, fasi yenye hajafika hata siku moja. Kuandika asili si zambi. Mutu anapaswa kujua babu zake. Lakini mustari ule uliandikwa kwa kutambulisha mutu, na sisi tunautumia kwa kumufuta ubaoni.

Tena mistari ile haikae fasi moja. Mpaka mwaka 2015 Dilolo ilikuwa katika province ya Katanga, pamoja na Manono na Kamina. Mwaka ule Katanga iligawanywa, na sisi tukakuwa Lualaba, mukubwa wa muji ni Kolwezi. Mutu wa Manono mwenye anauza duka lake hapa, jana alikuwa «Mukatangais mwenzetu». Leo ni mutu wa province ya Tanganyika. Je, amekuwa mugeni katika usiku mumoja, hata kitanda chake hakikusogea?

Mupaka pia unahama

Katika Kongo yote, nazani hakuna watu wenye wangepaswa kuelewa mambo haya kuliko sisi wa Dilolo.

Tarehe 22 mwezi wa saba 1927, Wabeleji na Wareno walibadilishana udongo. Wabeleji walihitaji kafasi kadogo karibu na Matadi kwa ajili ya njia yao ya reli: kilometa mraba 3 tu. Ili kukapata, walitoa udongo wa upande wetu: kilometa mraba 3,500, ile sehemu yenye kwenye ramani inaitwa «botte de Dilolo», kiatu cha Dilolo. Angalia ile hesabu, tatu kwa elfu tatu mia tano. Watu wenye walikuwa wanalima pale hawakufunga hata muzigo mumoja. Hawakupanda treni. Walibaki na mihogo yao na makaburi yao, na wakakuwa watu wa inchi ingine. Hata ziwa lenye linabeba jina la Dilolo, leo liko Angola.

Miaka 4 nyuma yake, katika 1931, njia ya reli ya kutoka Tenke ilifika hapa na kuungana na ile ya Benguela yenye inaenda mpaka bahari ya Lobito. Kwa njia ile ya Tenke babu ya kijana yetu alikuja. Alikaa siku nyingi ndani ya wagon, alipita mito na mabonde, mamia na mamia ya kilometa, na hakutoka katika inchi yake.

Basi mumoja hakusogea, akakuwa wa inchi ingine. Mwingine alisafiri mbali sana, akabaki nyumbani. Ndiyo maana neno immigré haliwezi kupimwa kwa miguu ya mutu, ao kwa urefu wa njia. Linapimwa kwa mupaka wa serikali, na mupaka ule ulichorwa na watu wenye hawakujua jina la hata kijiji kimoja cha huku.

Na sisi, katika roho yetu, tunatumia kamba ingine ya kupima. Siku ya soko, Muchokwe wa Luau anavuka na samaki yake. Tunamusalimia: «Ndugu, habari ya kwetu kule?» Kwa sheria yeye ni Mwangola. Lakini tunamuona mutu wetu, juu luga ni moja na babu ni mumoja. Hiyo ni vizuri! Wakati wa vita ya 1977 na ya 1978, wakati watu wengi wa huku walikimbilia Angola, ni wandugu wale walitupokea. Na wakati wao walikuwa na vita yao, toka 1975 mpaka 2002, walikimbilia kwetu, na tuliwapokea. Sisemi tuache ule upendo. Ninasema hivi: kama tunaweza kumuita mwenye passport ya Angola «mutu wetu», namna gani tunamuita «mugeni» mwenye alizaliwa katika hospitali yetu, mwenye anaongea Kiswahili chetu, mwenye alibatizwa katika muto wetu?

Kiswahili chenyewe, nani alikizalia hapa? Babu za babu zetu walikuwa wanasema Kilunda, Kichokwe, Kiluvale. Kiswahili kilitoka mashariki, kikaingia Katanga pamoja na wachuuzi, kisha kikapita kwa midomo ya wafanyakazi wa shimo na wa reli. Hata muhogo wenye unatupatia bukari na sombe ulivuka bahari toka Amerika. Hakuna mwenye anauliza sombe karte yake.

Mwaka wenye hatupendi kutaja

Vijana, wengi wenu hamukuzaliwa. Wazazi wenu hawawaelezee. Acheni niwaelezee mimi.

Katika mwezi wa 8 wa 1992, Conférence nationale kule Kinshasa ilimuchagua Étienne Tshisekedi, mutu wa Kasai, kuwa waziri wa kwanza. Mwenye alitoka kwenye kiti kile alikuwa Nguz a Karl-i-Bond, mutu wa huku kwetu. Province ilikuwa bado inaitwa Shaba, na gavana alikuwa Gabriel Kyungu wa Kumwanza. Hasira ya wanasiasa ilishuka katika barabara za Lubumbashi na Likasi. Vijana wa chama cha UFERI walitembea nyumba kwa nyumba. Katika mwezi wa tatu wa 1993 moto ule ulifika Kolwezi.

Lakini mbele ya fimbo kulikuwa maneno. Watu wa Kasai waliitwa «bilulu», ni kusema wadudu. Ukisha kumuita mutu mududu, mukono hautetemeke tena.

Mamia ya maelfu ya watu walifukuzwa katika Shaba. Kule Likasi na Kolwezi walilala ku gare na katika masomo, juma kwa juma, wakingoja treni ya kuwapeleka Mwene-Ditu ao Kananga. Watoto wengi walikufa kwa magonjwa na njaa, wamoja pale ku gare, wamoja ndani ya wagon. Na wengi kati yao walikuwa wamezaliwa Katanga. Waliambiwa «murudie kwenu», na ile kwenu hawakuijua.

Mimi nilikuwa mutoto wa miaka 12. Tulikuwa tunakaa Kolwezi. Ku masomo tulikuwa tunakaa watatu kwenye kiti kimoja. Tukabaki wawili, na mwalimu alituambia tu tujipanue. Siku moja baba alirudi toka gare na mashini ya kushona kwenye begani. Alikuwa ameinunua kwa mama mumoja wa Kasai mwenye alikuwa anangoja treni. Alimulipa bei ya mufuko mumoja wa unga. Baba hakuiba, alilipa. Wengi walifanya vile, na wengi walisema, «Njo vile, wanaenda, wataibeba namna gani?»

Mama yangu aliiangalia ile mashini juma nzima na hakuigusa. Kisha mwaka wa masomo ulianza, sikukuwa na uniforme, franga haikukuwa, na mama akashona. Nilivaa shati ile nyeupe mwaka muzima. Ninawaambia haya juu musifikiri pasta yenu anaongea toka juu. Nyuzi za mwaka ule zilipita kwenye mugongo wangu.

Na je, wenye walibaki walipata faida gani? Wengi walitumaini kurizi kazi za wenye kufukuzwa. Lakini Gécamines ilikuwa tayari inaanguka. Katika mwezi wa 9 wa 1990 shimo la Kamoto lilibomoka. Kampuni yenye katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka, katika 1993 haikufika hata 100,000. Mafundi walikuwa wameondoka, mashini zilikuwa zimekufa, mishahara ilikawia miezi na miezi. Tulifukuza jirani, na njaa ilibaki palepale.

Uchungu wa wenye inchi

Sasa nigeukie upande wa pili, juu kijana mwenye alisema «tufute» naye ni mutoto wangu katika imani. Hakuyaota maneno yale peke yake. Kuko uchungu nyuma yake, na uchungu wenye haupewe sikio unaoza.

Union Minière ilianzishwa katika 1906. Watu wa huku hawakutosha kwa kazi ya shimo, na wengi hawakuitaka. Kampuni ilituma watu Kasai na mbali zaidi kutafuta wafanyakazi. Katika 1928 njia ya reli ya toka Bukama mpaka Ilebo ilifunguliwa, na Kasai ikakuwa karibu. Wabeleji walipenda kuwaweka wale wageni karani, fundi, mwalimu. Mwenye inchi aliachiwa kulima na kukata miti. Alipoangalia ofisi, hakuona uso wa ndugu yake. Katika uchaguzi wa miji wa 1957 kule Élisabethville, watu wenye asili yao haikukuwa Katanga walikamata viti vikubwa, na mwaka wenye ulifuata, 1958, chama cha Conakat kilizaliwa na uchungu ule ndani ya tumbo lake. Kisha 11 mwezi wa saba 1960, Moïse Tshombe, mutoto wa Musumba, alitangaza Katanga ijitenge.

Unaona? Mwenye alipanga nani awe karani na nani akate miti alikuwa kampuni. Lakini mwenye alichukiwa ni mufanyakazi mwenzako.

Leo Kolwezi inatoa shaba na kobalti kwa dunia yote, na watu wanatoka pande zote kutafuta mukate. Vita ya Kamuina Nsapu ya 2016 na 2017 ilihamisha zaidi ya watu milioni moja kule Kasai. Angalia tena kazi ya mupaka: wenye walivuka na kuingia Lunda Norte ya Angola waliitwa wakimbizi, na Umoja wa Mataifa uliwaandika. Ndugu zao, wa kijiji kile kile, wenye walipanda treni ya huku, hawakupata jina lile. Walipata jina la «bakuya». Bei ya nyumba inapanda, vijana ni wengi kwenye moto za kubeba watu, na mama wa Dilolo anauliza: «Mutoto yangu atapata kazi wapi?» Mama ule hana chuki. Ana hofu, na hofu yake inastahili jibu.

Jibu ni kuuliza mulango wenye franga inapitia. Sheria ya madini ya 2018 inagawanya redevance hivi: asilimia 50 kwa serikali ya Kinshasa, 25 kwa province, 15 kwa muji ao secteur yenye shimo liko, na 10 kwa mufuko wa vizazi vyenye vinakuja. Ile 15 inafuata fasi ya shimo. Haiulize babu ya mutu. Kama masomo ya mutoto wako haina kiti, uliza ile 15 iko wapi. Jirani yako wa Kasai hakuibeba katika mufuko wake. Mutoto wake naye anaketi chini, pembeni ya mutoto wako.

Na wewe mwenye unakuja toka mbali, usifikiri nimekusahau. Salimia mukubwa wa udongo. Jifunze hata maneno kumi ya luga ya wenyeji. Usicheke namna yao ya kuishi. Ukipata nafasi ya kupangisha watu kazini, usiite tu watoto wa shangazi yako. Haki yako ya kukaa huku ni kamili, na heshima yenye unapashwa kutoa ni kamili pia.

Mugeni siku mbili

Wahenga wa Kiswahili walisema: mugeni siku mbili, ya tatu umupe jembe. Wengi wanatumia mezali ile kwa kuchoka na mugeni. Isikilize tena. Kupewa jembe ni kuingizwa katika kazi ya nyumba. Ni kusema shamba hili sasa ni lako pamoja na sisi. Kwa wahenga, mugeni lilikuwa neno la siku za kwanza, na lilikuwa na mwisho. Babu ya kijana yetu alipewa jembe lake: lilikuwa nyundo ya reli, na aliishika mpaka nguvu zikaisha. Siku ya tatu ilipita zamani sana. Kama leo bado tunamuita mujukuu wake mugeni, hatuzungumuzie tena safari. Tunazungumuzia damu, na tunaificha ndani ya neno la safari.

Wazee wa Kilunda wanatuhadisia namna utawala wao ulianza, kule Kapanga. Mwindaji mumoja wa Kiluba, Chibinda Ilunga, alifika kwa Ruwej, binti wa ufalme. Alikuwa mugeni. Ruwej alimuoa, na lukano, ile bangili ya utawala, ikafika kwa mwindaji. Wandugu wa Ruwej walikasirika na wakaondoka kuelekea mangaribi, na wakubwa wa Wachokwe na Waluvale wanahesabu asili yao kwa wale wenye walihama. Basi, sisi wote tunatoka katika hadisi ya mutu mwenye alikuja na watu wenye walienda. Kama jina la mwindaji ule lingefutwa ubaoni siku ile, leo nani angemupigia Mwant Yav makofi?

Na Biblia? Fungua Waamuzi 19. Mulawi mumoja alikuwa safarini, na jua lilikuwa linashuka. Alikataa kulala Yebusi kwa sababu, alisema, ni muji wa wageni. Alijikaza mpaka Gibea, kwa watu wa taifa lake. Akakaa katika uwanja wa muji, na hakuna mwenye alimukaribisha. Mwishoni muzee mumoja alirudi toka shamba na kumupeleka kwake. Na ule muzee hakuwa wa Gibea. Alikuwa mutu wa Efraimu mwenye alikuja kukaa pale. Mambo yenye yalifuata usiku ule ni mabaya sana, na yalileta vita kati ya wandugu mpaka kabila moja lilikaribia kuisha. Biblia haikatai kama mutu anaweza kuwa mugeni katika taifa lake mwenyewe. Inatuonyesha tu ni nani alikuwa na mulango wazi, na ni nini ilipata muji wenye ulifunga yake.

Kijana yangu aliniambia kitu kimoja mbele ya kutoka ile mangaribi. Katika 1993, jamaa yao haikuenda ku gare. Jirani wa Kichokwe aliwaficha katika nyumba yake juma tatu, na aliwaambia wenye waliuliza: «Hapa kuko jamaa yangu tu.» Ule jirani hakuwa amesoma kifungu cha 30. Kilikuwa hakijaandikwa.

Sasa jibu langu kwako, mutoto wangu. Hapana, hauko immigré. Babu yako alikuwa mhamiaji wa ndani, na alikuwa mugeni siku mbili. Wewe ni mutu wa Dilolo mwenye asili ya Kasai, na mambo yote mawili ni ya kweli, hayapigane.

Jumapili yenye ilifuata nilisimama mbele ya vijana. Niliomba musamaha kwa sababu nilinyamaza. Nilikamata chaki mimi mwenyewe na kuandika lile jina tena, na tulipiga kura upya. Alipata kura 11. Mwenye alishinda alipata 19. Alishindwa kama vile mutu yeyote anashindwa, na akaenda kumupa mwenzake mukono. Kijana mwenye alisema «tufute» hajaniongelesha bado. Ninamungoja.

Kwa mazungumuzo nyumbani

1. Baba na mama: muelezee watoto wenu ni nani wa kwanza katika jamaa alifika hapa, toka wapi, na nani alimupokea.
2. Vijana: wakati unamuuliza mwenzako «unatoka wapi?», unataka kujua nini kweli?
3. Wote: katika mwaka 1993, jamaa yetu ilikuwa wapi? Ilificha mutu, ilifukuzwa, ilinyamaza, ao ilinunua?

Na jambo moja la mwisho. Mashini ya kushona iko mpaka leo kwa mama yangu. Nilimuuliza kwa nini hakuiuza hata katika miaka ya njaa. Aliniambia: «Mwenyewe anaweza rudia.» Mama, kama uliuza mashini yako ku gare ya Kolwezi katika 1993 kwa bei ya mufuko wa unga, na ukisoma ukurasa huu, ao mutoto wako akiusoma, andikieni gazeti. Tunaipaka mafuta kila mwaka. Inashona bado.

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda, na mambo ya mahari.